Shule za bweni za kijeshi Marekani: tunayoyasikia na yalivyo (uzi kwa wazazi)

Mwanagwaride #1

Wakuu, salaam.

Kila baada ya wiki mbili tatu swali linarudi humu jamvini: kijana amenishinda, nimpeleke shule ya jeshi Marekani wakamnyooshe? Majibu yanayofuata huwa mchanganyiko wa sinema, JKT na gereza. Kuna wazazi wamelipa mamilioni kwa kuamini majibu hayo, kwa hiyo acha tuyaweke sawa sehemu moja. Nitaanza mimi, wenye kujua wataongezea.

Jina lenyewe linapotosha. Karibu shule zote hizi si mali ya jeshi. Culver ya Indiana (1894), Fork Union ya Virginia (1898), Missouri Military Academy (1889), Riverside ya Georgia (1907), zote ni shule binafsi zenye bodi zao na ada zao. Hata Marine Military Academy ya Harlingen, Texas, iliyofunguliwa 1965 na kufuata mila za Marine Corps (tawi mojawapo la jeshi la Marekani) mpaka kwenye kombati, haiendeshwi na Marine Corps. Ya kipekee ni New Mexico Military Institute pale Roswell (1891): hiyo ni ya jimbo, na ndiyo maana ada yake iko chini sana kuliko za wenzake.

Kinachoziunganisha nyingi na jeshi ni mpango uitwao JROTC, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Wakufunzi ni wanajeshi wastaafu. Wanafundisha uongozi, kwata, kusoma ramani, huduma ya kwanza, na shabaha kwa bunduki ya upepo ya milimita 4.5, mita 10 kutoka kwenye shabaha. Ni kipindi kimoja kwenye ratiba kama vipindi vingine. Tena JROTC ipo kwenye maelfu ya shule za kawaida za serikali ambako mtoto analala nyumbani kwao. Mzazi anayetaka kwata na nidhamu tu anaweza kuvipata bure mtaani kwake, kabla ya kufikiria bweni.

Pili, hakuna deni la utumishi. Kadeti, yaani mwanafunzi wa shule hizi, akimaliza darasa la 12 anaondoka na cheti cha sekondari, basi. Akitaka jeshi mwenyewe, miaka yake ya JROTC inaweza kumwanzishia ngazi ya pili au ya tatu ya mshahara badala ya ya kwanza. Asipotaka, hakuna wa kumfuata. Umri wa kujiunga na jeshi la Marekani ni miaka 18, au 17 kwa sahihi ya mzazi, na sheria hiyo haijali umesoma shule gani.

Tatu, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea: shule hizi si za kurekebisha watoto watukutu. Shule nzuri inataka ripoti za masomo za miaka miwili, barua za walimu, na mahojiano na mtoto mwenyewe. Katika mahojiano yale swali zito ni moja: wewe unataka kuja? Mtoto akijibu kwamba ni baba anayetaka, nyingi zinasita. Mwenye kesi ya jinai, mwenye historia ya kupiga watu au anayehitaji matibabu ya uraibu hukataliwa, kwa sababu hawana daktari wa akili wala wauguzi wa kumhudumia. Ile picha ya mtoto kupelekwa akanyooshwe imebaki kwa sababu ya mifano michache maarufu. Donald Trump alipelekwa New York Military Academy akiwa na miaka 13 kwa ajili ya tabia, akamaliza 1964. Miaka sitini imepita na shule zimebadilika.

Nitaendelea na ratiba ya siku. Karibuni.

Mama Wawili wa Columbus #2

Shukrani sana kaka Mwanagwaride. Sasa kwa kijana wa miaka 16 anayetoroka shule na ameanza bangi, na mzazi ana kazi mbili, hana dola 50,000. Huyo anakwenda wapi?

Mwanagwaride #3

Dada yangu, huyo atazame Youth ChalleNGe, mpango wa National Guard (jeshi la akiba la majimbo). Hiyo ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake, na haina ada. Ilianza 1993. Inachukua vijana wa miaka 16 hadi 18 walioacha shule au wanaoelekea kuacha. Wanalala kambini miezi mitano na nusu, kisha wanafuatiliwa mwaka mzima na mlezi ambaye kijana mwenyewe humchagua katika jamii yake.

Angalieni masharti, maana ndipo wengi wanakwama. Awe raia au mkazi halali. Asiwe anasubiri hukumu ya kosa kubwa. Awe hatumii dawa za kulevya, na vipimo vipo, kwa hiyo bangi iachwe mapema maana inakaa mwilini wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. Na aombe kwa hiari yake. Wiki mbili za mwanzo ni za kuzoea, na ndizo wengi huondoka. Si majimbo yote yana kambi, lakini mengi yanayo, na kama jimbo lenu halina waulizeni kama jimbo jirani linapokea.

Tafadhali msiichanganye na zile kambi za nidhamu za mahakama, ambako vijana walikuwa wanapigiwa kelele usoni na kukimbizwa juani. Hizo zilienea miaka ya 1980 na 1990, na tafiti zilipofanyika ikaonekana hazipunguzi kurudia makosa. Florida ilifunga za kwake 2006 baada ya mvulana wa miaka 14 kufariki kufuatia kilichotokea katika kambi ya Bay County. Bado kuna watu binafsi wanauza kitu cha namna hiyo kwa majina matamu ya kijeshi. Mtu akikwambia hatuhitaji ridhaa ya mtoto, tutakuja kumchukua usiku kitandani, kimbia.

Karani wa Ada #4

Naomba niongee na wenye nia ya kulipa, maana mkataba ndio unaoumiza kuliko kwata.

Bweni kwa mwaka, shule nyingi ziko kati ya dola 35,000 na 60,000, na Culver iko juu ya hapo. Hiyo ni ada, chakula na malazi. Sare hulipwa pembeni na mwaka wa kwanza ni mzigo: sare ya gwaride, sare ya darasani, kombati, buti, viatu vyeusi, koti la baridi, nguo za mazoezi. Tenga dola elfu kadhaa. Kuna amana ya uharibifu, kuna akaunti ya matumizi ya mtoto, kuna kinyozi.

Sasa soma kipengele cha kuondoka. Mikataba mingi inasema ukishavuka tarehe fulani kabla ya muhula kuanza, unadaiwa ada ya mwaka mzima, hata mtoto akiondoka wiki ya tatu, hata akifukuzwa kwa kosa lake. Mzazi anayempeleka mtoto kwa nguvu anatia sahihi hapo bila kusoma. Mtoto anajua njia ya kutoka: anafanya makosa makusudi mpaka anafukuzwa. Ada imekwenda.

Cha kufanya: uliza kama kuna bima ya ada. Shule nyingi huiuza, na lazima inunuliwe kabla ya siku ya kuripoti. Soma inalipa asilimia ngapi mtoto akiondoka mwenyewe na ngapi akifukuzwa, kwa sababu hazilingani, na nyingine hazilipi kitu kabla mtoto hajamaliza siku kadhaa za mwanzo.

Jambo la pili ni uhai wa shule yenyewe. St. John's ya Salina, Kansas, ilifungwa 2019. New York Military Academy ilifilisika 2015 ikauzwa, ikafunguliwa tena. Valley Forge ya Pennsylvania, ya tangu 1928, ilitangaza 2025 kwamba akademia yake ya sekondari inafungwa mwisho wa mwaka wa masomo. Kwa hiyo kabla ya kulipa mwaka mzima, uliza wanafunzi wangapi wapo sasa na walikuwa wangapi miaka mitano iliyopita. Bweni la watu 300 likiwa na watu 90, lipa kwa muhula.

Mchakamchaka #5

Kwa walioko Bongo, kuna mkanganyiko mwingine. Makongo pale Lugalo, Jitegemee pale Mgulani, Kawawa JKT ya Mafinga: hizi ndizo zinazomilikiwa na jeshi kwelikweli, JWTZ au JKT. Kwa hiyo ajabu ni kwamba za kwetu zina jeshi kwenye umiliki lakini mtoto anasoma mtaala uleule na kufanya mtihani uleule wa NECTA (baraza la mitihani la Tanzania), havai kombati kutwa. Za Marekani hazina jeshi kwenye umiliki lakini mtoto anaishi kijeshi toka alfajiri hadi usiku. Mtu akisema "shule ya jeshi" muulize anamaanisha ipi.

Wala si JKT ya mujibu wa sheria. Ile ni kwa wahitimu wa kidato cha sita, ilisimama 1994 ikarudi 2013, na unakwenda na vifaa vinavyotajwa kwenye tangazo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Ni miezi mitatu kwa mtu aliyekwisha maliza shule. Haifanani na kumpeleka mtoto wa miaka 13 kukaa miaka minne.

Wakili wa Nyali #6

Mkuu #5 umenena vyema. Hata kwetu Kenya, Moi Forces Academy ya Lanet ni shule ya sekondari yenye mtaala wa taifa. Kusoma pale hakukuandiki KDF, yaani jeshi la Kenya, na KDF yenyewe haichukui mtu chini ya miaka 18.

Kuna wanaodai shule hizi ni jeshi la watoto. Kisheria sivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu watoto katika vita inakataza kuandikisha kwa lazima aliye chini ya miaka 18, na katika ibara yake ya 3, kifungu cha 5, inaziondoa shule zinazoendeshwa na majeshi katika sharti la kupandisha umri wa kujiunga na jeshi kwa hiari. Kadeti ni mwanafunzi. Linganisha na Uingereza: Duke of York's kule Dover, ya tangu 1803, ni shule ya bweni, mtoto anatoka pale akawe daktari akitaka. Lakini chuo cha jeshi cha Harrogate kinachukua vijana wa miaka 16 na 17, na hao wamekwisha kuwa askari wenye mshahara, ingawa hawapelekwi vitani kabla ya 18. Wazazi wetu walioko Uingereza wapate kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Na lile la uraia: kusoma shule ya kijeshi Marekani hakumpi mtoto uraia wala ukaazi. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi hata kujiunga na jeshi lao, inahitajika awe raia au mwenye grini kadi. Nako West Point si sekondari. Ni chuo kikuu cha jeshi la Marekani, umri 17 hadi kabla ya 23, raia wao huhitaji pendekezo, kwa kawaida la mbunge, na wageni hupelekwa na serikali zao, si zaidi ya 60 kwa wakati mmoja kutoka dunia nzima. Ajenti anayekwambia shule fulani ya bweni inapitisha mtoto moja kwa moja mpaka West Point anakuibia.

Mwanagwaride #7

Asante wakili. Narudi kwenye ratiba, kwa sababu watu wanadhani ni kukimbia na kupiga push-up siku nzima.

Siku ya kawaida huanza saa 12 asubuhi. Kuamka, kutandika, kufagia, kujipanga nje kuhesabiwa, chai. Darasani kuanzia saa 2 mpaka saa 9 mchana. Michezo au kwata saa mbili hivi. Chakula cha jioni saa 12. Halafu saa 1 na nusu usiku mpaka saa 3 na nusu kila mtu yuko mezani kwake na kitabu, mlango wazi, mtu anapita korido. Taa saa 4. Ukijumlisha, muda wa kusoma ni zaidi ya mara tatu ya muda wa kwata. Kinachomuinua mtoto darasani mara nyingi ni zile saa mbili za usiku bila simu. Fork Union tangu 1950 wana utaratibu wao: somo moja tu kwa wiki saba hivi, mtihani, kisha linalofuata. Kuna mtoto unamfaa sana, na kuna anayechoshwa na Hesabu kutwa nzima.

Wiki tatu hadi sita za mwanzo ndizo ngumu. Simu huchukuliwa, ziara hakuna, na kadeti mgeni hana haki hata ya kuvaa beji mpaka apite mtihani. Kisha inakuja ile simu ya kwanza nyumbani. Mtoto analia, anasema wanamtesa, njooni mnichukue. Mara nyingi ni upweke na uchovu, na hupungua kufikia wiki ya sita. Lakini msizibe masikio. Muulize mambo ya kupimika: umelala saa ngapi jana, umekula nini, nani amekugusa, wapi, kulikuwa na mtu mzima? Mpweke atajibu kwa hisia. Anayeonewa atakupa jina, chumba na saa.

Nesi wa Zamu #8

Hapo kwenye kuonewa ndipo penye udhaifu wa kweli wa shule hizi, na ningependa tusipapite haraka. Mfumo wao unampa kijana wa miaka 17 mamlaka juu ya wa miaka 14. Mchana ni shule nzuri ya uongozi. Usiku, kama mtu mzima wa bweni amelala chumbani kwake, ni hatari.

Mnapokwenda kutembelea, uliza watu wazima wangapi wako macho saa 8 usiku katika kila bweni. Usikubali jibu la "tuna mlezi anaishi hapa". Anaishi, sawa, ila yuko macho? Uliza kamera ziko korido zipi. Uliza kadeti kiongozi anaruhusiwa kutoa adhabu gani peke yake. Jibu zuri ni kwamba anaandika tu, mtu mzima ndiye anaidhinisha. Uliza mtoto anaipataje simu ya kumpigia mzazi bila kuomba ruhusa kwa kadeti mwenzake. Kisha omba dakika kumi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyechaguliwa na ofisi.

Adhabu ya kawaida inayokubalika ni alama za makosa, na alama zikizidi mtoto anatembea uwanjani kwa mwendo wa kwata saa nzima Jumamosi wenzake wakiwa mapumziko. Kunyimwa chakula, kunyimwa usingizi au kugongwa si "mila ya shule". Hayo yanaripotiwa polisi na idara ya ulinzi wa watoto ya jimbo.

Dawa: zote zinakabidhiwa zahanati zikiwa kwenye chupa yake yenye jina la mtoto na maelekezo ya daktari. Mwenye pumu aandikiwe na daktari ruhusa ya kukaa na pampu yake mfukoni. Bila karatasi hiyo inafungiwa kabatini, na kabati liko mbali na uwanja wa mazoezi.

Kijana wa Tabata #9

Wakuu naomba kujua hiyo habari ya viatu. Nasikia mtoto anapigishwa kiwi masaa. Kweli inahusiana nini na shule?

Mwanagwaride #10

Kweli, mdogo wangu, na ukiifuatilia utaona ndiyo somo lenyewe. Kiatu cha gwaride kinatakiwa king'ae ncha na kisigino mpaka uone taa ya dari. Wageni wanakosea namna moja: wanapaka kiwi nyingi wakidhani itang'aa haraka. Tabaka nene likikauka, mguu ukikunja linapasuka na unaanza upya.

Inavyofanywa: futa vumbi lote kwanza, punje moja ya mchanga inachora ngozi. Kitambaa laini cha pamba kizungushwe kidoleni kikakazwe kisiwe na kunyanzi. Gusa kiwi kidogo, paka kwa miduara midogo, subiri dakika chache. Kisha tone moja la maji baridi, miduara tena, bila kukandamiza, mpaka ukungu uondoke. Rudia tabaka kumi au zaidi. Sehemu inayokunja vidoleni usiijengee tabaka, ipigwe brashi tu. Siku ya kwanza ni saa mbili au tatu, baada ya hapo dakika kumi kila jioni.

Mtoto anayesahau kila kitu nyumbani anajikuta na kitu kidogo kinachokaguliwa kesho asubuhi, kisichowezekana kulipuliwa dakika ya mwisho. Ndivyo ilivyo kwa shuka pia, na kwa ule mstari wa mbele: ukingo wa shati, ukingo wa kifungio cha mkanda na kifuniko cha zipu vyote vinyooke pamoja.

Niseme na hili: kuna watoto ambao hili haliwafai kabisa. Mwenye msongo mzito, mwenye usonji anayeumizwa na kelele, aliyepitia vita au kambi ya wakimbizi na bado anaruka mlango ukigongwa. Familia zetu za Kongo na Burundi zilizoko Marekani zina watoto wa namna hii wengi. Kwa mtoto huyo sauti ya amri alfajiri si malezi. Apelekwe kwa mshauri wa kiwewe kwanza.

Baba Naima #11

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtoto akitoka Dar au Mombasa moja kwa moja, viza inakuwaje na likizo anakaa wapi?

Karani wa Ada #12

Mzee wangu, shikamoo. Shule ikishamkubali na kulipwa amana inakupa fomu I-20. Kwa fomu hiyo unalipa ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, halafu unaomba viza ya mwanafunzi, F-1, ubalozini. Lakini kabla hujatoa hata senti ya amana, waulize ubalozi kama viza za wanafunzi zinatolewa kwa pasipoti yenu kwa sasa, kwa sababu masharti kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika, na amana nyingi hazirudi hata viza ikikataliwa. Omba shule iandike kwenye mkataba kwamba viza ikikataliwa wanarudisha. Nyingine hukubali ukiomba kabla ya kutia sahihi.

Akimaliza na kutaka kurudi kusoma Tanzania, cheti kinapelekwa NECTA kulinganishwa. Ahakikishe ana Hesabu, Kiingereza na sayansi alizozihitaji, maana JROTC kule huhesabiwa kama somo la hiari na haitamfungulia mlango wa udaktari huku.

Likizo ndiyo inayosahaulika. Bweni hufungwa Novemba kwenye Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani), Desemba wiki mbili au tatu, na Machi wiki moja hivi. Linafungwa kweli, jiko pia. Kwa hiyo lazima awe na mwenyeji mwenye barua yako ya uangalizi iliyothibitishwa na mwanasheria, pamoja na ruhusa ya kumpeleka hospitali. Chukua kalenda ya shule usome saa ya kufunga na saa ya kufungua kabla ya kununua tiketi. Bweni likifunguliwa Jumapili saa 7 mchana na ndege yake ikatua Jumamosi usiku, mtoto wa miaka 14 atakuwa peke yake uwanja wa ndege, na hoteli nyingi hazimpi chumba aliye chini ya miaka 18.

Baba Naima #13

Marahaba kijana wangu. Nimeelewa.